Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo



Jumamosi iliyopita niliwaagiza wanafunzi wakubwa wapande baiskeli, wawapitie watu wazima wa jamii yetu hapa Guangzhou, waulize habari za kwao na kuziandika daftarini. Mmoja akaniuliza kama hiyo si kazi ya maprofesa. Jibu langu ni maisha ya mtu huyu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Hakusoma chuo kikuu. Alisafiri kutoka pwani kwenda Udoe mpaka Uzigua, enzi ambazo misafara ilikwenda kwa miguu, kisha akaiandika safari yake pamoja na mila za Wadoe.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha desturi za Waswahili, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa ya Mtoro. Mna habari za mimba na uzazi, jando, ndoa, kilimo, uganga, utumwa na mazishi. Mimi ni muuguzi, na kurasa za uzazi nimezisoma zaidi ya mara moja, maana nyingine zinanikumbusha maneno ya bibi yangu. Lakini jina lililowekwa mbele ya kitabu ni la Dakta Carl Velten, Mjerumani aliyekichapisha.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ilikataa mume Mwafrika ashuke na mke Mzungu. Ikabidi warudi Ujerumani. Huko Mtoro alifundisha tena, Hamburg, na baadaye akawa anazunguka mijini kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927, ugenini.

Mwaka 1981 kitabu kilipotoka kwa Kiingereza, jina lake liliwekwa kwenye jalada. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 50.

Basi wanangu, hii si kazi ya maprofesa peke yao. Sisi tulio hapa Guangzhou tunajuana leo, kesho viza imekwisha, mtu kaondoka na habari zake zote. Nendeni mapema. Bisha hodi, amkia, kaa usikilize, ndipo uandike. Juu ya ukurasa, kabla ya jina lako, andika jina la aliyekusimulia na mji aliotoka, kama ameridhia. Daftari nitalikagua Jumamosi, na nitaanzia hapo.

Na kofia za baiskeli msisahau. Majeraha ya kichwa nimeyaona ya kutosha kazini.

Mwalimu wenu