Mwalimu Lucas na Namba ya Tarakimu 39

Mwaka huu sikuleta shairi wala insha ya methali. Nimewaletea mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, kama hawa wetu wanaotukimbiza kwa chaki. Jina lake ni Édouard Lucas, Mfaransa, aliyezaliwa mjini Amiens mwaka wa 1842.

Alisoma Paris, akafanya kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota mjini humo, na vita na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870 akawa ofisa wa mizinga. Amani iliporudi akashika chaki, kwanza huko Moulins, halafu Paris katika shule za Saint-Louis na Charlemagne. Hayo tuyapite upesi, maana utamu uko kwenye namba.

Namba tasa haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka wa 1644 mtawa mmoja, Marin Mersenne, alitoa orodha: andika 2 mara kadhaa, zizidishe zote pamoja, toa 1, utapata namba tasa. Kati ya alizotaja kulikuwa na ya 2 zikiwa 67 na ya 2 zikiwa 127. Hiyo ya pili ndiyo hii: 170141183460469231731687303715884105727. Ati uijaribu kwa kuigawanya na 3, na 5, na 7, hivyo hivyo? Jamani! Utazeeka, wajukuu wako wazeeke, na bado.

Lucas alibuni mtihani mwingine. Tuuone kwa 127, ambayo ni 2 saba, ukatoa 1. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 7. Rudia: 47. Rudia: 2207, ambayo imepita 127, kwa hivyo igawanye kwa 127 ushike baki, 48. Hiyo 48 inakupa baki 16, na 16 inakupa 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili. Baki ni sufuri, basi 127 ni tasa. (Kuanza na 3 hakufai kila mahali, lakini hapa kunafaa.) Hatua zilikuwa 5 tu. Kwa ile namba kubwa ni 125, na hakukuwa na kikokotoo cha elektroniki! Lucas alieleza jinsi ya kuzifanya kwa ubao wa miraba 127 kwa 127, ukisogeza kete kama mchezaji wa drafti. Mwaka wa 1876 akatangaza kuwa ni tasa.

Ile ya 67 je? Ilianguka mtihani. Lucas akajua inagawika, lakini inagawika kwa nini, hakujua. Hapo mimi huduwaa: kujua chungu kina ufa bila kuuona ufa wenyewe! Mmarekani Frank Nelson Cole ndiye aliyeuonyesha mwaka wa 1903: 193707721 mara 761838257287. Zidisheni wenyewe, msiniamini mimi.

Mwaka wa 1883 Lucas alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi kwa jina la bandia, N. Claus; hilo Claus ni herufi za Lucas zilizopangwa upya. Hapa Kakamega twaweza kuucheza kwa vifuniko vya sufuria: hamisha mnara kutoka mahali pamoja hadi pengine, kimoja kimoja, pakiwa na nafasi tatu tu, na kikubwa kisikalie kidogo. Vifuniko 3 ni hatua 7, na 7 ni hatua 127. Vikiwa 127, hatua ni ile ile namba yake ndefu.

Mwaka wa 1891, katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mjini Marseille, sahani ilivunjika na kigae kikaruka kikamkata shavuni. Kidonda kikaingia uambukizo, na dawa kama penisilini hazikuwako. Akafa Oktoba 3, akiwa na miaka 49.

Namba yake iliendelea kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka wa 1951. Mwaka wa 2024 kompyuta zilipata yenye tarakimu 41,024,320, zikaihakikisha kwa mtihani uliotokana na wa Lucas. Kwa mkono mtupu, hakuna aliyempita.