Hayati Ronald Ngala na Majimbo Yake

Sisi wa Kitengela tukisikia Ngong huwaza vile vilima na baridi tu. Lakini ni huko huko, katika Kajiado yetu, ambako chama cha KADU kiliundwa mwezi wa Juni 1960. Aliyekuwa rais wake ni Mgiriama kutoka Pwani, Ronald Gideon Ngala.

Ngala alizaliwa Kilifi miaka ya mwanzo ya 1920. Alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu, na mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Sasa Mgiriama na Wamaasai walikutania wapi? Walikutania kwenye hofu. Makabila madogo yaliona kwamba Mwingereza akiondoka na mamlaka yote yabaki Nairobi, ardhi yao itaamuliwa na wenye kura nyingi. Wamaasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, kwa hiyo hawakuogopa bure.

Basi mwaka 1962, kwenye mkutano wa London, Ngala alishikilia majimbo mpaka yakakubaliwa. Katiba ya 1963 ikaleta majimbo 7, kila moja na bunge lake. Kajiado ilitiwa Bonde la Ufa, naye Ngala akaongoza bunge la Pwani. Lakini wapi! KANU ilishinda uchaguzi mwaka huo huo, na mfuko wa pesa ulikuwa Nairobi. Majimbo yakacheleweshewa kazi na fedha, wabunge wa KADU wakaanza kuhama. Novemba 1964 Ngala mwenyewe alivunja chama akaingia KANU, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri yenye serikali moja kuu. Wako wanaomwita msaliti. Mimi naona alibanwa, maana jimbo bila hela ni jina tu.

Baadaye alikuwa waziri. Desemba 1972 alipata ajali ya gari Konza, pale reli ya Magadi inapoachana na reli kuu kuja Kajiado. Ilisemekana nyuki waliingia garini. Alifariki siku ya Krismasi.

Katiba ya 2010 imeleta kaunti 47, na safari hii mgao wa pesa umeandikwa: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Ndiyo sababu zahanati, soko na shule ya chekechea ni kazi ya kaunti, ilhali polisi na sisi wa sekondari tuko chini ya serikali kuu. Ila pesa zenyewe bado hutoka Nairobi, na bado huchelewa.