Mohammad Nissar: Aliyerusha Mpira wa Kwanza

Safari hii tunakuletea maisha ya mwanamichezo.

Waulize vijana wa Parklands au wa Mombasa wakutajie mrusha mpira wa kasi kutoka India. Watakwambia Zaheer Khan, Irfan Pathan, au hawa wa karibuni Mohammed Shami na Mohammed Siraj. Wazee watarudi nyuma mpaka Kapil Dev. Sasa wewe wataje jina la Mohammad Nissar uone. Wengi watakutazama tu. Na huyu ndiye aliyerusha mpira wa kwanza kabisa wa India katika Testi, yaani ile mechi kubwa ya kimataifa inayochezwa siku kadhaa.

Nissar alizaliwa Hoshiarpur, katika jimbo la Punjab, tarehe 1 Agosti 1910. Wakati huo hakukuwa na Pakistan. Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Mwingereza, na Punjab ilikuwa jimbo moja. Kijana akaenda kusoma Government College, Lahore, chuo kilichokuwa na sifa ya masomo na ya kriketi pia. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na akiuachia mpira ulikuwa unakwenda kama jiwe la kombeo.

Kama wewe si mtu wa kriketi, wacha nikueleze kwa ufupi. Mpigaji amesimama na gongo lake, nyuma yake kuna vijiti vitatu. Mrusha mpira anakuja mbio na kuutupa ule mpira mgumu, na akiviangusha vile vijiti, mpigaji ametoka, na hiyo ndiyo wiketi. Wako wanaorusha pole pole kwa kuuzungusha mpira, na wako wa kasi. Bara Hindi lilisifika kwa hao wa kuzungusha. Wa kasi hasa walikuwa wa kuhesabu. Ardhi kavu, jua kali, na kazi yenyewe inachosha mwili wote. Nissar alichagua kazi ngumu mahali pagumu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu huruka moja kwa moja mpaka London wakasahau huyu kijana alitokea wapi. Kriketi ya nyumbani wakati ule haikuwa na ligi ya majimbo. Timu zilipangwa kwa dini na kwa asili ya mtu! Bombay kulikuwa na mashindano makubwa yaliyoanza kati ya Wazungu na Waparsi mwaka 1892. Wahindu wakaingia mwaka 1907, Waislamu wakaingia mwaka 1912. Timu nne, na mji mzima unasimama kutazama. Lahore nako kulikuwa na mashindano ya namna hiyo hiyo, na huko Masingasinga nao walikuwa na timu yao. Nissar aliichezea timu ya Waislamu.

Usishangae sana. Hata hapa kwetu Nairobi kriketi ilijengwa hivyo hivyo. Sir Ali Muslim Club, Sikh Union, Goan Institute, majina yenyewe yanakueleza nani alikuwa anacheza wapi.

Basi kijana anaanza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1920, na mara tu mlango unafungwa. Mwaka 1930 Gandhi aliongoza kampeni ya kukataa kutii sheria za Mwingereza, nchi ikachemka, watu wakajaa magerezani. Mashindano ya Bombay yakasimama, na hayakurudi mpaka mwaka 1934. Piga hesabu mwenyewe. Nissar alikuwa na miaka 20 yalipofungwa na miaka 24 yalipofunguliwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo mrusha mpira wa kasi ana nguvu zake zote. Na lile Kombe la Ranji, la majimbo, lilikuwa halijazaliwa bado.

Kwa hiyo alicheza wapi? Alicheza pale palipopatikana. Mechi za chuo, mechi za Lahore, mechi za wakubwa waliopenda kriketi. Mkubwa wao alikuwa Maharaja wa Patiala, Bhupinder Singh, tajiri wa kupindukia aliyependa mchezo huu kwelikweli. Ilipoamuliwa kwamba timu ya India yote iende Uingereza mwaka 1932, majaribio ya kuwachagua wachezaji yalifanyika kwake Patiala. Nissar akachaguliwa.

Sasa tazama mambo yalivyokuwa huko. Tarehe 25 Juni 1932, uwanja wa Lord's, London. Uingereza inaanza kupiga. Wanaotoka na magongo yao ni Herbert Sutcliffe na Percy Holmes wa Yorkshire. Siku 10 tu kabla ya hapo, hawa wawili walikuwa wameanza kupiga mechi dhidi ya Essex, wakafikisha pamoja mbio 555 kabla wa kwanza wao kutoka, rekodi ya dunia. (Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1977, ilipovunjwa Karachi na Waheed Mirza na Mansoor Akhtar, waliofika 561.) Yaani watu ambao Essex nzima haikuwaweza, na mbele yao yuko mwanafunzi wa Lahore ambaye hajafikisha miaka 22.

Nissar alivunja vijiti vya Sutcliffe. Sutcliffe ana mbio 3. Kisha akavunja vya Holmes, ana mbio 6. Frank Woolley akafuata, huyo alitolewa akiwa anakimbia, baada ya Lall Singh kuudaka mpira na kuurusha haraka. Mbio 19, watu watatu nje! Uingereza iliyodhani inacheza na wanafunzi wake ikaanza kutazamana. Siku hiyo Nissar alichukua wiketi 5 kwa mbio 93.

India ilishindwa mechi hiyo kwa mbio 158, tusifiche. Lakini katika ziara nzima Nissar alikusanya wiketi 71, na nahodha wake, C.K. Nayudu, alisema baadaye kwamba Nissar akianza kurusha alikuwa na kasi kumpita hata Harold Larwood, Mwingereza aliyetisha dunia wakati huo. Pengine ni nahodha kumsifu mchezaji wake. Lakini Nayudu alikuwa mpigaji hodari, akijua mpira wa kasi ni upi.

Upande wa pili wa uwanja alirusha Amar Singh, Mhindu kutoka Rajkot, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1910. Fikiria jambo hili, msomaji. Bombay hawa wawili ni wapinzani, mmoja na Waislamu, mwingine na Wahindu, na watu wamejaa kushangilia dini zao. Wakitoka nje ya nchi, mmoja anamchosha mpigaji na mwingine anammaliza. Sidhani India ilipata tena jozi kama ile kwa miaka mingi sana.

Aliporudi, milango ikafunguka kidogo. Desemba 1933 Uingereza ilikuja Bombay kwa Testi ya kwanza kwenye ardhi ya India, na Nissar akachukua wiketi 5 kwa mbio 90. Mwaka 1934 likaanza Kombe la Ranji, lililotolewa na yule yule Maharaja wa Patiala, naye akacheza Southern Punjab. Yale mashindano ya Bombay nayo yakarudi, na Waislamu wakayachukua mwaka 1934 na mwaka 1935. Agosti 1936, uwanja wa The Oval, akapata wiketi 5 tena, kwa mbio 120.

Hiyo ndiyo ilikuwa Testi yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 26. Hakuumia, wala hakuacha mchezo. India haikupewa Testi nyingine mpaka mwaka 1946, kwa sababu vita vilikuwa vimeingia katikati. Amar Singh hata hakuifikia hiyo siku, alifariki mwaka 1940 kwa homa ya mapafu, hajatimiza miaka 30. Testi 6 na wiketi 25, hiyo ndiyo hesabu yote ya Nissar kwa nchi yake. Ukijumlisha na mechi nyingine za daraja la kwanza alicheza 93, akachukua wiketi 396. Hebu fikiria angepewa nafasi wanazopewa vijana wa leo.

Mwaka 1947 Punjab ikakatwa vipande viwili. Hoshiarpur alikozaliwa ikabaki India, Lahore alikosoma ikawa Pakistan. Nissar akawa upande wa Lahore, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa bodi ya kriketi ya Pakistan. Mji huo huo ndio uliowatoa Fazal Mahmood, Sarfraz Nawaz, Imran Khan na Wasim Akram, wote warusha mpira. Nissar alifariki hapo hapo Lahore tarehe 11 Machi 1963, akiwa na miaka 52. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 2006 nchi hizo mbili zilikubaliana kuanzisha kombe kwa jina lake, bingwa wa nyumbani wa India akutane na bingwa wa nyumbani wa Pakistan. La kwanza lilichezwa Dharamsala, kati ya Uttar Pradesh na Sialkot, na Sialkot wakashinda. Lilichezwa tena mwaka 2007 na mwaka 2008. Novemba 2008 yakatokea mashambulizi ya Mumbai, uhusiano ukavunjika, na Kombe la Nissar halijachezwa tena.