BIBI TITI MOHAMED: MAMA ALIYEANZIA KWENYE KIKUNDI



Katika kuadhimisha miaka 10 ya kuweka na kukopa, tumeona kijitabu hiki kisiwe cha hesabu na picha peke yake. Tumemchagua mama mmoja anayejulikana nchi nzima, ambaye mwanzo wake unafanana sana na mwanzo wa vikundi kama hiki chetu. Huyo ni Marehemu Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru na aliyekuwa Mbunge wa Rufiji.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka minne tu, na hata hiyo ilikuwa bahati, maana siku zile watoto wengi wa kike hawakupelekwa shule kabisa. Aliozwa akiwa bado msichana mdogo. Kilichomtoa ni sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma ya Bomba, na kina mama wa mjini walimfahamu vizuri kabla siasa haijamfahamu.

Vikundi vya ngoma vya wakati ule havikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi wake na taratibu zake. Wanachama walikutana kwenye harusi na kwenye misiba, wakasaidiana, na viongozi wa ngoma moja waliwajua wa ngoma nyingine. Kwa maneno mengine, kina mama walikuwa wamekwisha jipanga, ila hakuna aliyewatazama.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama hiki wako wapi. Jibu halikuwepo. Hapo ndipo Bibi Titi, ambaye tayari alikuwa na kadi namba 16, alipopewa kazi ya kuongoza kina mama.

Sasa angalieni alivyoifanya. Aliwaendea viongozi wa ngoma, wa lelemama na wengineo, na kila kiongozi akawaendea watu wake. Katika miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiunga. Tukumbuke pia kwamba serikali ya mkoloni iliwakataza wafanyakazi wake kuingia TANU. Baba mwenye kazi ya serikali aliogopa kufukuzwa. Mama anayeuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza, basi yeye akachukua kadi. Walitembeza habari, walichanga fedha, na wageni wa chama waliwapikia na kuwalaza. Bibi Titi mwenyewe alizunguka mikoani pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia watu ambao wengine walikuwa hawajawahi kumwona mwanamke amesimama jukwaani.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoanzishwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wake wa kwanza. Aliingia Bungeni kuwakilisha Rufiji, akawa pia waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii. Kwa mtu wa darasa la nne, si mchezo.

Lakini cheo cha kura ni cha wapiga kura. Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa chama kimoja, ila sehemu nyingi wagombea walikuwa wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wakubwa wengi waliangushwa, na Bibi Titi naye akakosa kiti cha Rufiji. Jina kubwa halikumsaidia.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Masharti yake yalisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi hakukubaliana na sharti hilo, akaachia nafasi yake katika uongozi wa TANU. Jambo hili mpaka leo watu hubishana. Wapo wanaosema kiongozi wa wanyonge hawezi kuwa mwenye nyumba, na hoja yao ina uzito. Wapo wanaosema mwanamke asiye na elimu kubwa akishatoka kwenye cheo, nyumba ndiyo pensheni yake. Sisi tunaokopa ili tuongeze chumba cha kupangisha tunaelewa vizuri hoja hii ya pili.

Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na watu wengine, akashtakiwa kwa uhaini, yaani kula njama za kuipindua serikali. Alikana. Kesi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimwachia huru. Alitoka gerezani akakuta ndoa imevunjika, mali imekwenda na wageni wa barazani wamepungua. Wengi walikuwa wakiogopa hata kuonekana naye. Mama aliyewaita maelfu akaishi miaka mingi kimya kimya.

Polepole nchi ilimrudia. Mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, alitajwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Ukifika Dar es Salaam, barabara kubwa inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake.

Kina mama, barabara ni heshima kubwa, lakini barabara haimjulii mtu hali. Katika miaka hii 10 tumejifunza kuweka hisa, kuandika daftari na kudai marejesho. Maisha ya Bibi Titi yanatukumbusha jambo lisiloandikwa kwenye daftari. Nguvu yake ilitoka kwa wanawake waliokuwa wanajuana, na siku yake ngumu ilikuwa siku walipomkwepa. Basi mwenzetu akishindwa kurejesha, akiachwa na mume, au akisemwa vibaya mtaani, tusianze kwa kumhukumu. Twende kwanza tukabishe hodi, mengine yatazungumzwa kikaoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed, na akidumishe kikundi chetu. Amin.