Alice Seeley Harris: Mwanamke, Kamera na Haki za Wakongo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Hata hivyo, historia inatufunza kwamba wenye mamlaka wamejaribu mara nyingi kuyatundikia pazia macho ya walimwengu ili maovu yao yasionekane. Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke aliyelipasua pazia la aina hiyo kwa kamera. Naye ni Alice Seeley Harris. Aidha, makala yanadadisi swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hatuna budi kulikabili kila tunapozungumzia utetezi wa wanyonge: ni nani anayeonekana, ni nani anayetajwa kwa jina, na ni nani anayebaki gizani hata baada ya pazia kuondolewa?

Malezi na Safari ya Kongo

Alice alizaliwa mwaka wa 1870 huko Malmesbury, Uingereza. Katika ujana wake alifanya kazi ya serikali jijini London, kisha akaiacha ili apate mafunzo ya umisheni. Mwezi wa Mei 1898 aliolewa na John Hobbis Harris, na siku chache tu baada ya harusi wawili hao wakafunga safari ya Kongo wakiwa wamishenari wa Congo Balolo Mission. Hatimaye walipata makao Baringa, kando ya Mto Maringa, na huko Alice akawa mwalimu wa watoto.

Nchi waliyoifikia iliitwa Dola Huru ya Kongo, lakini uhuru huo ulikuwa wa jina tu. Tangu mwaka wa 1885 nchi hiyo ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mfalme huyo alijitangaza kuwa mkombozi aliyekusudia kukomesha biashara ya watumwa. Msomaji aliyepitia tawasifu ya Tippu Tip atakumbuka kuwa dola hiyohiyo ndiyo iliyomteua mfanyabiashara huyo kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka wa 1887. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya Leopold ilirefushwa na faida ya mpira. Dunlop alipotengeneza gurudumu la kujazwa upepo mwaka wa 1888, utomvu wa mpira wa mwituni uligeuka kuwa mali ya kugombaniwa.

Eneo la Baringa lilikuwa chini ya kampuni ya ABIR. Wanaume walilazimishwa kuingia msituni na kurejea na kiasi maalumu cha mpira kila baada ya majuma mawili. Kiasi hicho kisipotimia, walichapwa viboko vya ngozi ya kiboko, na wake zao walifungiwa kama mateka mpaka mpira upatikane. Askari walinzi wa kampuni waliua wanavijiji, na katika sehemu nyingi za dola hiyo mikono ya waliouawa ilikatwa iwe hesabu ya risasi zilizotumika.

Picha ya Nsala

Habari za ukatili huu zilikuwa zimeanza kuvuja kitambo, lakini Leopold alizikanusha zote na kudai kuwa ni uzushi wa maadui zake. Mwezi wa Mei 1904, mwanamume aitwaye Nsala, kutoka kijiji cha Wala, aliwasili katika misheni ya Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kiganja na mguu wa binti yake mdogo, Boali, ambaye aliuawa na walinzi wa ABIR pamoja na mama yake.

Alice aliichukua kamera yake na kumpiga Nsala picha akiwa ameketi ukingoni mwa baraza, akiyatazama mabaki ya mwanawe yaliyowekwa mbele yake. Nyuma yake wanaonekana wanaume wawili. Hakuna kilio wala damu katika picha hiyo, bali mzazi aliyetulia tuli mbele ya jambo lisiloelezeka. Labda ni utulivu huo unaomzuia mtazamaji kupita tu. Maneno ya mashahidi yangeweza kubishiwa, lakini kiganja kile hakikubishika.

Kutoka Baringa hadi Majukwaani

Mwaka huohuo wa 1904, E. D. Morel alianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo, naye akaichapisha picha ya Nsala. Tume ya Uchunguzi, ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda, ilifika Baringa ikasikiliza ushahidi, na ripoti yake ya mwaka wa 1905 ikathibitisha mengi ya yaliyodaiwa. Mark Twain naye alitoa kijitabu cha tashtiti mwaka wa 1905, ambamo mfalme anailaumu kamera kwa kuwa ni shahidi asiyehongeka.

Alice na mumewe walirejea Uingereza na kuanza kuzunguka kumbi na makanisa, ng'ambo ya Atlantiki huko Marekani pia. Walitumia taa iliyorusha picha za kioo ukutani, huku wakieleza waliyoyashuhudia. Katika miaka miwili ya mwanzo walihutubia mikutano ipatayo 600. Tukumbuke kuwa mwanamke huyu aliyeyasihi mataifa yabadili sera hakuwa na haki ya kuwapigia kura wabunge wa nchi yake mwenyewe. Baadhi ya wanawake wa Uingereza walipata haki hiyo mwaka wa 1918, na usawa kamili na wanaume ukaja mwaka wa 1928.

Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Alice na John walirudi huko mwaka wa 1911 kujionea mabadiliko, na chama cha Morel kikafungwa mwaka wa 1913. John alitunukiwa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza mwaka wa 1933. Alice akaitwa Lady Harris, yaani hata heshima ilimfikia kupitia jina la mumewe. Vilevile, kwa miaka mingi picha alizopiga zilitajwa kwa jina la John au la misheni. Alifariki mwaka wa 1970 akiwa na umri wa miaka 100, miaka kumi baada ya Kongo kujipatia uhuru.

Tathmini na Hitimisho

Tukimsifu Alice, tusimfanye malaika. Kampeni aliyoitumikia ilipinga ukatili wa Leopold, bali haikupinga ukoloni wenyewe. Isitoshe, Wakongo walionyeshwa kumbini kama watu wa kuhurumiwa, ilhali wao ndio waliokuwa mashahidi wa kwanza. Nsala hakungoja kutafutwa. Yeye mwenyewe aliubeba ushahidi hadi misheni.

Pia kuna mambo ambayo kamera haikuyanasa. Mbele ya Tume ya Uchunguzi alisimama mwanamke mwingine aitwaye Boali, wa Ekolongo. Alieleza jinsi alivyomkataa mlinzi aliyemtaka kimwili mumewe akiwa msituni. Mlinzi huyo alimpiga risasi, na akidhani amekufa, akamkata mguu ili auchukue mkufu wa shaba aliouvaa. Mguu uliokatwa huonekana pichani, lakini neno la kukataa halionekani. Dhuluma dhidi ya wanawake, kama vile kufungwa mateka na kunajisiwa, haikupewa nafasi kubwa kumbini kama mikono iliyokatwa.

Kwa hivyo, maisha ya Alice Seeley Harris yanatuachia mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba chombo kidogo mikononi mwa mtu asiye na mamlaka chaweza kumtikisa mfalme. La pili ni kwamba picha pekee haitoshi. Jina la mpiga picha, jina la anayepigwa picha na sauti ya yule asiyeonekana ni sehemu ya haki ileile. Sisi tunaoshughulika na lugha tuna wajibu wa kuyataja majina hayo: Alice, Nsala, na akina Boali wote wawili.