Alexander Popov, Aliyesikiliza Radi

Mojawapo ya eriali za kwanza duniani ilitegwa ili kunasa radi, wala si maneno ya watu. Napenda kuwasimulia habari za mtu aliyeitega.

Alexander Popov alizaliwa mwaka 1859 katika milima ya Ural, nchi ya Urusi. Baba yake alikuwa kasisi, naye akasomeshwa shule ya makasisi, lakini moyo wake ulipenda hesabu na fizikia. Mwaka 1877 aliingia Chuo Kikuu cha Saint Petersburg, na mwaka 1883 akaanza kufundisha katika shule ya jeshi la maji huko Kronstadt.

Radi ipigapo hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo husafiri mbali. Popov alitengeneza chombo cha kuyanasa, chenye kibomba cha kioo kilichotiwa chenga za chuma. Mawimbi yalipofika, chenga zilishikamana, umeme ukapita, kengele ikalia. Nyundo ya kengele ilikigonga kibomba, chenga zikaachana, zikangoja radi nyingine. Alipofunga waya mrefu juu, na waya wa pili akauzika ardhini, chombo kilisikia radi ya mbali zaidi. Aliwaonyesha wataalamu wenzake tarehe 7 Mei 1895.

Mwaka uliofuata Marconi, Mwitalia, aliomba hataza ya simu yake isiyo na waya huko Uingereza. Hata leo watu hubishana ni nani aliyetangulia. Mimi naitazama kazi yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1899 manowari ya Kirusi ilipanda mwamba katika kisiwa cha Gogland. Popov na wenzake wakajenga vituo viwili, kisiwani na pwani ya Finland, zaidi ya kilomita 40. Februari 1900 ikapelekwa habari kwamba wavuvi wamechukuliwa na barafu baharini. Meli ya kuvunja barafu, Yermak, ikaenda ikawaokoa watu 27.

Popov alifariki Januari 1906, akiwa na umri wa miaka 46.

Waya ulio juu hauchagui mgeni: hupokea habari, hupokea na radi. Kwa hiyo wenye redio huunganisha mlingoti na chuma kilichozikwa ardhini kwa waya mnene, na huchomoa eriali kabla mvua ya radi haijafika. Tukumbuke kwamba jambo tunaloliogopa, tukilichunguza kwa hadhari, laweza kutufundisha njia ya kuokoa watu.