Jina la Fremantle na majivu ya Witu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa gatini Mokowe nikingoja boti ya kuvuka kuja Amu. Akanipita kijana mchukuzi na mfuko wa saruji begani. Alivaa fulana ya mitumba ya rangi ya zambarau, ina nanga kubwa kifuani na neno moja chini yake: Fremantle. Nikamuuliza maana yake. Akanambia ni timu ya mpira, ya wapi hajui. Hakukosea, ni klabu ya Australia, ya ule mpira wao wa kushika kwa mikono. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Witu.

Nilinyamaza. Boti ilipong'oa nanga nilikuwa bado nawaza, kwa sababu mtu mwenye jina lile lile la kifuani ndiye aliyeichoma Witu.

Jina lake kamili ni Edmund Robert Fremantle. Alizaliwa 1836, mtoto wa nne wa kiume wa Thomas Fremantle, aliyekuja kuwa bwana wa cheo cha Baron Cottesloe. Kwao bahari ilikuwa ni urithi, kama kwetu ilivyo unahodha katika baadhi ya nyumba. Babu yake aliongoza meli ya Neptune katika vita vya Trafalgar mwaka 1805 na alikuwa sahibu wa Nelson. Ami yake, Charles, tarehe 2 Mei 1829 alishuka na bendera upande wa magharibi wa Australia, akatangaza kuwa pwani yote ile ni mali ya mfalme wa Uingereza. Wenyewe Wanoongar mahali pale wanapaita Walyalup. Mji ukapewa jina la Fremantle, na baadaye jeshi la maji la Australia likaziita meli zake mbili kwa jina la mji huo. Ya pili ilianza kazi 1980, na boti 15 za doria za namna yake zote zikajulikana kama boti za aina ya Fremantle. Hata Cottesloe, cheo cha baba yake Edmund, leo ni ufuo wa kuogelea karibu na mji wa Perth. Na bandari hiyo ya Fremantle inatazama bahari yetu hii hii ya Hindi.

Edmund aliingia jeshini 1849, akiwa mtoto wa miaka kama 13. Alipigana Burma, akapigana New Zealand dhidi ya Wamaori, na katika vita vya Waashanti kule Afrika Magharibi mwaka 1873 alijeruhiwa. Mke alimuoa Sydney. Mwaka 1888 akapewa ukuu wa meli zote za Uingereza katika bahari ya Hindi, bendera yake ikipepea juu ya Boadicea. Tangu mwisho wa mwaka huo mpaka 1889, yeye na Wajerumani waliifunga pwani yetu kwa manowari, kwa maelezo ya kuzuia watumwa na silaha.

Sasa Witu. Ilianzishwa na Ahmad Simba, Mnabahani wa ukoo wa masultani wa Pate, aliyekimbilia bara asiwe chini ya Sultani wa Unguja. Waliomfuata walikuwa wengi, na wengi kati yao walikuwa watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Hapa mimi kama mtu wa Amu sina budi kusema kweli hata ikinichoma. Mashamba mengine waliyoyakimbia yalikuwa ya watu wetu. Kwa hiyo Witu ilipoteketea, sidhani kama kila baraza la Amu lililia.

Ahmad Simba alitafuta kinga kwa Wajerumani, na 1885 akaipata. Alipofariki akashika Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani wakapatana na Waingereza. Wao walichukua kisiwa cha Heligoland kule kwao Ulaya, na Witu ikaenda kwa Waingereza. Sijaona popote kwamba Fumo Bakari aliulizwa. Miezi miwili baadaye Mjerumani aitwaye Küntzel akaingia Witu na wenzake kwa biashara ya mbao. Ugomvi ukazuka langoni, risasi zikalia, Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa, na watu wa Witu nao wakafa.

Wajerumani waliouawa ilitakiwa walipiwe, na mlipishaji akawa Fremantle. Fumo Bakari alitakiwa awatoe waliotuhumiwa, hakuwatoa. Oktoba 1890 manowari zikakusanyika katika maji yetu. Kwanza mashua za askari zilipanda vijito vya mikoko, Mkonumbi ikachomwa. Kisha jeshi likashuka Kipini: mabaharia wa Kiingereza, askari wa Kihindi wa kampuni ya Waingereza na askari wa Sultani wa Unguja, na mizinga yao. Njiani watu wa Witu waliwavamia, lakini bunduki zao hazikuwa za kushindana na zile. Tarehe 27 lango likavunjwa kwa baruti, mji ukaingiwa, wenyewe wakiwa wamekwisha kuukimbia msituni. Ukatiwa moto, nyumba ya sultani na nyumba za maskini pamoja.

Niliyemtaja hapa hakuwa jambazi. Alikuwa mtu wa kazi, ametumwa, akamaliza, akaondoka. Hilo ndilo linalonikaa moyoni kuliko ukatili wowote. Kwake ilikuwa ni shughuli ya siku chache. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, Allah amrehemu, na watu wake waliendelea kupigana msituni hata 1893 meli za Waingereza zikarudi tena.

Fremantle yeye alikwenda China kuongoza meli za huko, akavishuhudia vita vya Wachina na Wajapani vya 1894. Akapanda hadi admirali kamili, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 1904. Mwanawe Sydney naye akawa admirali. Huyu ndiye aliyekuwa akilinda meli za Wajerumani zilizotekwa Scapa Flow, Scotland. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 1919 akatoka na meli zake kwenda mazoezi, Wajerumani nyuma yake wakazizamisha zao wenyewe, 52 zikaenda chini. Baba alikuwa hai kuyasikia hayo. Alifariki 1929, umri miaka 92.

Waliokwenda naye Witu walipewa nishani ya fedha yenye kipande kilichoandikwa Witu 1890. Nishani hizo mpaka leo zinauzwa minadani Uingereza. Mimi nimepita Witu mara nyingi nikienda Mombasa, gari husimama, tunanunua maembe. Bango la kumtaja Fumo Bakari au siku ile sijapata kuliona pale barabarani.

Yule kijana nikikutana naye tena gatini nitamsimulia. Fulana asiivue, amenunua kwa pesa yake, na nanga yake inapendeza.